Mgeni wa Nyamira kwenye mikoko ya Mida

Ukioa Kisii au Nyamira, kama nilivyooa mimi, utajifunza mapema kwamba mgeni wa kutoka kule hatosheki na Fort Jesus na mchanga wa ufuoni. Watu wa kule ni wakulima. Ukimwonyesha maji atakuuliza yanatoka wapi. Ukimwonyesha mti atakuuliza unapandwaje, unakatwa lini na unauzwa bei gani. Baba mkwe wangu, mzee wa miaka sabini na kitu, alikaa siku mbili Malindi akiangalia mawimbi kwa adabu. Siku ya tatu akamwambia mke wangu, "Mwambie mumeo bahari nimeiona. Sasa nataka kuona kitu kinachoota."

Nikampeleka Mida.

Makala haya ni kwa Wapwani wenzangu wenye wakwe, marafiki au wafanyakazi wenzao kutoka bara, hasa Kisii na Nyamira, ambao kila Disemba hushuka Pwani na sisi tusijue tuwapeleke wapi. Nitaeleza namna ya kupanga safari ya mashua kwenye mikoko: siku, maji, chombo, na kinachoonekana. Nitaeleza pia swali aliloniuliza mzee tukiwa majini, kwa sababu lilinisumbua kuliko nilivyotarajia.

Njia na siku

Kutoka Nyamira mgeni hushuka kwanza Kisii mjini, kisha hupanda basi la Nairobi, kama kilomita 300. Kutoka Nairobi kuna basi au reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Mombasa hadi Mida ni karibu kilomita 100 kwa barabara ya Malindi, unavuka daraja la Kilifi, unapita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na unashuka kabla ya kufika Gede. Mpe mgeni siku nzima ya kupumzika kabla ya kumpandisha chomboni. Nyamira ni nchi ya juu, yenye baridi na chai. Joto letu la Disemba humpiga mtu wa kule kichwani, na mzee hatakwambia kwamba amechoka.

Siku nayo ina hesabu yake. Ijumaa mimi nina sala ya Jumaa. Jumamosi wakwe zangu, kama Wagusii wengi, wana Sabato yao na hawafanyi matembezi ya starehe. Ikabaki Jumapili. Msomaji, uliza mapema. Ni aibu kulipa mashua halafu mama mkwe akakwambia kwa upole kwamba leo hatoki.

Maji yasomwe kwa mwezi

Kosa kubwa la wenyeji na wageni ni kufika Mida maji yamekupwa, mkakuta uwanja mpana wa tope na mashua imelala ubavu. Hori ya Mida ni pana, karibu kilomita 32 za mraba, lakini sehemu kubwa ni kina kifupi na hubaki tupu maji yakitoka.

Sisi tunaohesabu mwezi tuna faida. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa sana karibu saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, na hukupwa sana karibu saa nne. Kila siku inayofuata, maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo ukifika tarehe saba au nane ya mwezi wa Kiislamu, maji mafu, utayakuta yakijaa karibu saa nne asubuhi, lakini hayapandi juu wala hayashuki mbali. Ndani ya hori maji huchelewa kidogo kuliko ufuoni, basi muulize nahodha.

Saa nzuri ya kuondoka ni kama saa mbili kabla maji hayajajaa kabisa. Wakati huo tope linafunikwa taratibu, na ndege waliotawanyika mbali wakila husukumwa na maji hadi karibu na watu. Mashua pia inaweza kuingia kwenye vijito vya ndani ya mikoko bila kukwama.

Kuhusu majira, ndege wahamaji huanza kufika mwezi wa Agosti na Septemba na wengi huondoka Aprili. Disemba hadi Machi, kaskazi ikivuma na mvua zikiwa mbali, ndio wakati mzuri zaidi. Mei usijisumbue, mvua za masika zitawalowesha nyote.

Chombo, na nani akae wapi

Mwenye mashua wa kwanza tuliyemfuata alikuwa na bei nzuri na hakuwa na jaketi za kuokoa maisha. Alituambia maji ni mafupi, mtu hazami. Nikamshukuru nikaenda kwa mwingine. Mgeni wa Nyamira aliyekulia mlimani huenda hajui kuogelea, na maji ya kiunoni yanatosha kumuua mtu aliyeshtuka. Hesabu jaketi kabla ya kulipa, na za watoto ziwe za watoto. Patana bei ya chombo kizima au ya kila kichwa, na mkubaliane ni saa ngapi, kabla hamjaingia. Sehemu ya hori iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, kwa hiyo uliza kama kuna ada ya KWS kwa njia mnayoichukua, na udai risiti.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna kitabu cha utalii kitakachokwambia. Wagusii wana desturi ya heshima kati ya wakwe, wenyewe huita *ensoni*. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai wakitazamana karibu, hawashikani mikono ovyo, hawapiti wakigusana. Mashua ni nyembamba. Nilimweka mama mkwe mbele pamoja na binti yake na wajukuu, mzee katikati, nami nikakaa nyuma karibu na nahodha. Mama mkwe aliona nilivyopanga. Hakusema kitu, lakini tangu siku ile naletewa ndizi zangu peke yangu kila mtu akitoka Nyamira.

Beba maji ya kunywa, kofia, na viatu visivyoogopa tope. Usivae marashi makali, mbu na nzi wa mikoko wanayapenda. Zima muziki. Sisi tuliondoka saa nane baada ya adhuhuri na tukarudi kabla ya alasiri kutoka.

Miti yenyewe

Kenya ina aina tisa za mikoko, na sisi Waswahili tuna jina kwa kila moja. Mgeni ukimwambia yote ni "mangrove" umemnyima nusu ya safari. Zilizo rahisi kuonyesha ni hizi.

*Mkoko* wenyewe ndio ule wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, unasimama mbele kwenye maji. Mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti, inaning'inia kama kijiti cha kijani, kisha huanguka na kujichoma kwenye tope au huelea mpaka ipate pa kushika. *Mchu* uko zaidi upande wa nchi kavu, ingawa huonekana pia karibu na maji. Mizizi yake hutoka juu ya tope kama penseli nyingi, ndiyo pua zake za kupumulia. Lamba jani la mchu utaonja chumvi, kwa sababu mti huitoa kupitia majani. Mkoko hufanya vingine: huizuia sehemu kubwa ya chumvi mlangoni, kwenye mizizi. *Mlilana* hupenda kusimama pembeni kabisa mwa bahari, na mafundi wa vyombo waliutafuta kwa mataruma. *Mkandaa* ni mwembamba, mgumu, na gome lake lilitumika kutia rangi na kutengeneza ngozi. *Muia* una maua mekundu. *Mkomafi* una tunda kubwa la mviringo kama mpira, lenye mbegu zinazoshikana kama fumbo.

Mzee alilamba jani la mchu, akatema, akacheka peke yake. Kisha akauliza swali la mkulima: "Mto gani unaleta maji haya?"

Nilifurahi aliuliza, kwa sababu jibu ni la ajabu. Mida haina mto. Maji matamu huingia chini kwa chini, yakipenya kwenye mawe ya matumbawe kutoka upande wa nchi kavu. Katika rasi ya Yucatán, Meksiko, mambo ni kama hayo: nchi ya mawe ya chokaa, mito haionekani juu, na kule Celestún watu huenda kwa mashua kutazama heroe na kuingia kwenye vichochoro vya mikoko ambako chemchemi za maji matamu hububujika. Wanaoendesha mashua zile ni wenyeji, wengi wao wa ukoo wa wavuvi. Kumbe kazi ya nahodha wetu ina ndugu zake upande wa pili wa dunia.

Ukitaka mto unaounganisha bara na Pwani, nilimwambia, huo uko Malindi, kilomita chache kaskazini. Sabaki huanza huko juu upande wa Nairobi kwa jina la Athi, na udongo wa mashamba ya watu ndio unaofanya bahari ya Malindi iwe nyekundu wakati wa mvua. Lakini maji ya kwao Nyamira hayaji kwetu. Mto Kuja, ambao wengine huuita Gucha, huanza kwenye vilima vya Kiabonyoru, hupita nchi ya Kisii, na kumwaga Ziwa Viktoria. Kutoka pale maji huchukuliwa na Nile. Mvua inayonyesha kwenye paa la mkwe wangu, kama haikunywewa njiani, huishia bahari ya Mediterania.

Mzee alinyamaza kwa muda. "Kwa hiyo nikichafua yangu," akasema, "anayenywa ni Mmisri." Nikamwambia kwanza ni Mjaluo wa Nyatike.

Viumbe

Kwenye mizizi tazama kaa wadogo wenye gando moja kubwa, wanalipunga kama mtu anayeita matatu. Tazama samaki wanaorukaruka juu ya tope na kupanda mizizi, wanaopumua nje ya maji. Kuna tondo waliogandamana kwenye vigogo, na chaza kwenye mizizi. Chini ya maji, kwenye vivuli vya mizizi, ndiko samaki wengi tunaowala hukulia wakiwa wadogo, na kamba pia. Kasa huingia kula nyasi za bahari.

Kwa ndege, Mida inajulikana mbali kuliko sisi tunavyoijua. Kuna ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, chakula chake ni kaa. Huzaliana kwenye mchanga wa pwani za Uarabuni na Somalia, akichimba shimo kama panya, kisha huja kwetu kwa makundi. Kuna wadogo wa kahawia wanaotoka Siberia. Kuna yangeyange, mdiria, na miaka mingine heroe. Mpe mgeni darubini. Kama huna, watembezi wa kikundi cha Mida huwa nayo.

Baada ya mashua panda daraja la kuning'inia la mbao na kamba, zaidi ya mita 200, linalopita juu ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege. Mama mkwe alikataa kulipanda kwa sababu linayumba. Wajukuu walilipita mara nne.

Upande wa Dabaso kuna mkahawa wa mbao ndani ya mikoko, unaoendeshwa na kikundi cha wenyeji, maarufu kwa sambusa za kaa. Wakwe zangu hawali kaa kwa imani yao. Mimi pia siko miongoni mwa wanaokula, ingawa masheikh wana maneno yao katika hilo. Basi familia nzima ilikaa kwenye mkahawa wa kaa ikala samaki wa magamba na wali, na kila mtu akaridhika.

Swali la mzee

Tulikuwa tumezima mashine, nahodha anasukuma kwa pondo kwenye kijito, matawi yanakutana juu. Mzee aligusa mkoko mmoja ulionyooka, akaupima kwa kiganja kama mtu anayenunua. "Hii ni nguzo safi," akasema. "Mliachaje kukata?"

Nilitaka kutoa jibu la semina. Sikuweza, kwa sababu marehemu baba yangu alikuwa mkata boriti.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, ambako kuna zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, iliyokadiriwa hekta 61,271 katika mpango wa kitaifa wa mwaka 2017. Kwetu mti ule ulikuwa na majina ya sokoni kabla ya kuwa na majina ya kitaalamu: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Uliuzwa kwa korija, ishirini ishirini. Majahazi yaliupeleka Uarabuni na Ghuba kwa mamia ya miaka, na ukiona upana wa chumba cha nyumba ya kale ya mawe, Lamu au ng'ambo, unaona urefu wa boriti. Serikali ilipiga marufuku kuuza nje mwaka 1982. Baba aliendelea kukata kwa leseni kwa ajili ya majengo ya hapa nchini. Karo yangu ya sekondari na ya diploma ilitoka majini, ikiwa imefungwa korija korija.

Kwa hiyo nilimjibu mzee kweli. Hatukuacha. Kati ya 1985 na 2010 Kenya ilipoteza karibu asilimia 18 ya mikoko yake, na sehemu ya hasara hiyo ni mikono yetu: boriti, kuni za kuchoma chokaa na matofali, mashamba ya chumvi, na nyumba za watu wanaotaka kutazama bahari bila mti mbele. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa misitu ya umma nchi nzima. Lamu walilia njaa kwa sababu wakataji hawakuwa na kazi nyingine, na mwaka uliofuata wakalegezewa.

Mzee aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za nyumbani kwake. Kisha akanieleza za kwake.

Shamba lake linateremka hadi bondeni. Alipokuwa kijana, bondeni kulikuwa kinamasi cha mafunjo na matete, na ndege wakubwa wenye taji la dhahabu kichwani, korongo taji, walicheza pale wawili wawili. Baadaye watu wa kilimo wakaja na mafunzo ya kuchimba mitaro ili bonde likauke lilimwe. Mahindi yakafanya vizuri, sukuma wiki zikafanya vizuri. Halafu ukaja mkaratusi. Mti huu uliletwa Kenya mwaka 1902 kwa ajili ya kuni za garimoshi, na kule kwao umepata soko lisilokwisha, kwa maana viwanda vya chai vinataka kuni kila siku, na mjenzi anataka nguzo. Mzee alipanda bondeni kote, kwa sababu kwenye maji mkaratusi hukua haraka. Watoto watano walisoma kwa miti ile. Mmoja wao ni mke wangu.

Sasa chemchemi iliyokuwa chini ya shamba hukauka kila Januari. Korongo hawajaonekana kwa miaka mingi. Si kwake tu: ndege yule amewekwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka duniani tangu 2012, na kukaushwa kwa vinamasi ni miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 waziri John Michuki aliagiza mikaratusi iliyo kwenye vyanzo vya maji ing'olewe. Mzee alisikia redioni, akangoja, na hakuna aliyekuja.

"Wewe ni mwanangu na umesoma," akaniambia. "Nikate ile ya bondeni nisipande tena? Nikikata, kitinda mimba wangu yuko kidato cha pili. Nani atamlipia?"

Nahodha aliacha kusukuma. Nadhani na yeye alitaka kusikia.

Nilichojua kumjibu

Nilimwonyesha daraja lile la kuning'inia, ambalo lilikuwa mbele yetu. Shirika la A Rocha Kenya lina mpango uitwao ASSETS, ulioanza mwaka 2001. Ada za wageni wanaopita pale pamoja na michango mingine husaidia karo za sekondari kwa watoto wa familia zinazoishi kando ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Familia nazo zinashiriki kuutunza msitu.

Nikamweleza pia habari ya Gazi, Kwale. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni, wakiwa na watafiti wa KMFRI, walianza mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117 za mikoko, na kwa kuwa mikoko hufungia kaboni nyingi, sehemu kubwa ikiwa ndani ya tope, huuza haki za kaboni hiyo nje. Fedha zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule, na mwaka 2017 wakapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Akina mama wa Gazi wana daraja lao la mbao la kutembeza wageni. Vanga wamefuata njia hiyo kwa zaidi ya hekta 400.

Mzee alisikiliza yote. Kisha akasema neno ambalo tangu siku ile nalitumia kupimia kila mkutano wa mazingira ninaoalikwa: "Kwa hiyo hapa, aliyeuacha mti amekula."

Ndiyo. Na pale asipokula, hatauacha, awe Mpwani au Mgusii. Tumezoea kumlaumu mkata boriti na mpanda mikaratusi kana kwamba wanaharibu kwa ujinga. Baba yangu aliijua mikoko kuliko afisa yeyote. Mkwe wangu alijua chemchemi inakauka kabla ya mtaalamu kumwambia. Wote wawili walikuwa na watoto shuleni.

Lakini haki inataka niseme na upande wa pili. Mzee hana hekta 117. Ana kipande cha bonde. Hakuna mnunuzi wa kaboni atakayepanda mlima wa Nyamira kwa ajili yake peke yake, na hakuna mtalii atakayelipa kutazama mtaro wake. Mikoko ya Gazi iliweza kwa sababu ni ya kijiji kizima, na kijiji kikakubaliana. Bonde la Nyamira lina wenyewe arobaini, kila mmoja na hati yake na mtaro wake. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba karo ya kitinda mimba mimi na dada zake tutaichanga. Nisingeweza kukaa ndani ya mashua ile, na diploma yangu iliyolipwa na mikoko, nimwambie aache miti yake bure.

Kwa walio kule juu

Msomaji uliye Kisii au Nyamira, mwalimu, mfanyabiashara au mwanafunzi wa Pwani unayesoma huko, na hujapata nauli ya kurudi likizo, usidhani safari ya namna hii iko baharini tu. Shuka Kisumu, kama kilomita 110 kutoka Kisii, uende Dunga. Pale kuna kinamasi cha mafunjo kando ya Ziwa Viktoria, na vijana wa ufuo hutembeza watu kwa mashua. Ondoka alfajiri, baada ya sala, kabla upepo wa ziwa haujaamka. Kuna ndege wanaoishi kwenye mafunjo tu na si kwingine, akiwemo mmoja mwenye kifua chekundu, kichwa cha manjano na mgongo mweusi ambaye wapenda ndege husafiri mabara kumwona. Nzohe, swala wa kinamasini, bado yumo, ingawa ni bahati kumwona. Viboko wapo, kwa hiyo msikilize nahodha.

Ukitazama mafunjo yale utakuwa unatazama kile kilichokuwa kwenye bonde la mkwe wangu. Kazi yake ni ile ile ya mikoko: huchuja tope, hulea samaki, huyashika maji ya mvua na kuyaachia polepole wakati wa ukame.

Agosti

Tulikwenda Nyamira Agosti iliyofuata. Asubuhi mzee alikuja mlangoni, "Bwakire buya," akaniita tushuke bondeni. Alikuwa amekata safu tatu za mikaratusi zilizo karibu na chemchemi. Nyingine ameziacha, zikikomaa ataziuza. Fedha ya zile safu tatu ililipa muhula mmoja, sisi tukalipa miwili.

Mkaratusi ukiukata huchipua tena. Kila kisiki kilikuwa na vichipukizi vimevunjwa, vibichi. Nikauliza ni nani. Mzee akaonyesha juu, ambako mama mkwe alikuwa akishuka na ndoo. Kila akija kuteka maji, huvunja vya visiki vinne au vitano akiwa njiani, kisha hupanda na ndoo yake.

Maji hayajarudi kama zamani. Mzee amekwisha kuongea na jirani mmoja wa upande wa pili wa mtaro. Amekubali kufikiria. Wengine bado.

Mama mkwe alipofika nilisogea pembeni nimpishe njia, kama inavyotakiwa. Alipita bila kunitazama, akainama kwenye kisiki kilichokuwa karibu na mguu wangu, akavunja, akaendelea na safari yake ya chemchemini.